Harufu Tamu ya Kiwanda

Ndani ya taksibisi ya kwenda mpakani Kavimvira, mwanaume mmoja alimwambia mama aliyeketi kando yake kwamba leo anaanza kazi ng'ambo ya mpaka, kwenye kiwanda cha mabomba ya plastiki.

"Bwana yangu alitumika kazi mule," mama akasema. "Ile gaz ya plastiki iko na harufu tamu. Munganga wa hospitali alisema ndiyo ilimuharibu maini, mpaka akakufa."

"Miye watanipa cache-nez ya kufunika pua, mama."

"Na yeye walimupa. Ya kitambaa."

"Sasa watoto wangu watakula nini?"

 

Mpakani basi likasimama, mwanaume akashuka. Mama akamwita dirishani: "Ukirudi, upite kwangu kunisalimia! Nyumba iko nyuma ya kanisa!"

Mwanaume alikuwa ameshavuka barabara.