Alama ya Zambarau Ubavuni mwa Mzee Emojong

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mganga Mkuu wa Mkoa. Wazee wa kamati ya Harambee. Mabibi na mabwana:

KARIBU KWETU

Sisi wafanyakazi wa wodi ya wanaume tunakuamkia, na kwa lugha ya wenyeji tunakuambia yoga noi. Tunajua malori ya Malaba yamekuchelewesha njiani. Chai imepoa kidogo, lakini furaha yetu haijapoa. Wodi unayoifungua leo wameijenga wananchi wa Moding na Chakol kwa mahindi yao, kuku wao na migongo yao. Utaona shuka zimenyooshwa, na hakuna jamaa hata mmoja aliyeketi kando ya kitanda. Hilo la mwisho tutalirudia.

TULIKOTOKA

Zamani mgonjwa aliyeishiwa maji au damu tulimtia dripu kwa kukisia. Ikizidi, mapafu yanajaa. Ikipungua, figo zinagoma. Ndipo Sista Petronilla Asio, mkubwa wetu wa wodi, aliporudi kutoka mafunzoni Nairobi na njia mpya. Daktari hupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa shingo mpaka karibu na moyo. Mpira huungwa na bomba la maji lililosimama, lenye sentimita, na maji hushuka mle mpaka yanapolingana na msukumo wa damu inayorudi moyoni. Yakiwa chini sana, huenda mwili umekauka. Yakibaki juu, huenda moyo umelemewa. Huenda, maana Sista hachoki kutuambia kwamba namba peke yake haitoshi: mpe mgonjwa maji kidogo, pima tena, na mtazame mtu mwenyewe.

Sifuri ya bomba lazima ilingane na moyo. Kwa hiyo Sista humpaka mgonjwa alama ubavuni kwa ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomo, kisha hulinganisha kwa pimamaji ya seremala. Pimamaji yenyewe ni ya Mzee Muzafaru, fundi wa Busia aliyetuwekea milango. Kila akipita anauliza kama wagonjwa wetu wamenyooka.

TULICHOFANIKIWA

Mheshimiwa, Mzee Emojong wa Moding aliletwa hapa utumbo umetoboka kwa homa ya matumbo. Alipasuliwa, akapimwa, maji ya bomba yakawa chini, dripu ikafunguliwa. Asubuhi iliyofuata maji yakasimama juu ghafla. Petronilla akafunga dripu. Kwa namba ile alikuwa sawa kabisa.

Lakini roho yake haikutulia. Midomo ya mzee ilikuwa mikavu, mapigo yanakimbia, mkojo ni matone, na mapafu hayana hata chembe ya maji. Mtu aliyeshiba maji ndiye huyu kweli? Akainua shuka, akahesabu mbavu kwa kidole, akaikuta alama imeshuka karibu na godoro.

"Nani amegusa hapa?"

Mama Atyang, mke wa mzee, aliyekuwa ameketi sakafuni na kikapu chake cha uji, akasimama. "Ni mimi, Sista. Watu wanasema mwenye amepakwa hiyo rangi ni wa kuenda mochari. Nikamuosha."

"Na hii nyingine?"

"Niliona utakasirika. Nikaomba dawa kwa kitanda ya jirani, nikarudisha. Sikujua iko na mahali yake."

Lo! Petronilla alitaka kufoka, akajizuia. Akaushika mkono mmoja wa mama yule, akauweka kwenye ubavu wa mzee. "Mama, hii si ya kifo. Inatuonyesha moyo uko wapi. Ikishuka, bomba linatudanganya kwamba mzee ameshiba, kumbe ana kiu."

Alama ikarudishwa, maji yakashuka, dripu ikafunguliwa. Kufika jioni mkojo ulikuja, na Petronilla akacheka peke yake mbele ya chupa.

Tangu hapo Mama Atyang ndiye askari wa alama ile. Saa ya kupima ikifika, huondoa mto na kumlaza mzee. Homa ikimpanda mzee akataka kung'oa mpira, humshika na kumwimbia kwa Kiteso mpaka atulie. Hata daktari amewahi kuulizwa na mama huyo kama amenawa mikono.

YANAYOTUSUMBUA

Limekuja agizo kwamba jamaa waingie jioni tu, kwa saa moja. Hatubishi, wapo waliokuwa wakipika chini ya vitanda. Jana, tukikuandalia wodi, jamaa wote walitolewa. Mzee alipandwa na homa, akaanza kuvuta mpira. Petronilla alimkuta plasta zimebanduka na damu inachuruzika shingoni. Aliokoa mpira kwa bahati. Aliogopa sana, Mheshimiwa, na sisi pia tuliogopa.

OMBI LETU

Hatuombi gari. Hata pimamaji hatuombi, Mzee Muzafaru atatuvumilia. Tunaomba jamaa mmoja aruhusiwe kukaa na mgonjwa mwenye mpira wa moyo, afundishwe, na asifukuzwe.

Umeuliza kwa nini mkubwa wa wodi hakusimama mlangoni kukupokea. Hakukudharau. Yuko ndani, amemshika Mzee Emojong mikono yote miwili, na hawezi kuiachia. Ukigeuka sasa hivi utaona nje ya seng'enge mama mwenye kitambaa cha kijani na kikapu. Ndiye Mama Atyang. Alilala hapo. Mlinzi amesema hafungui geti bila neno lako.

Mheshimiwa, utepe unaweza kungoja. Tunakuomba useme neno hilo kwanza.

Mungu akulinde barabarani, aibariki nyumba yako, na siku ukiugua akupe mtu wa kukaa kando yako.

Ni sisi, wauguzi, wahudumu na wafagizi wa wodi ya wanaume.
Imesomwa kwa niaba yao na Roselida Akiror.