Waliozoea Maji

Kijiwe chetu ni ubao mmoja juu ya matofali, nyuma ya kiwanda cha ngozi. Birika ni langu, kwa hiyo nikimwambia mtu anyamaze, ananyamaza. Mbele yetu unapita mfereji wa maji machafu ya kiwanda, meusi tii, na humo wanaishi samaki wadogo kama kidole. Mwaka mzima mtafiti mmoja, tunamwita Dada Samaki, amekuwa akiwavua, anawakata kipande cha pezi, anakitia kwenye kichupa, kisha anawarudisha majini.

Siku aliyokuja kutuaga, ubishi ulikuwa ule ule: samaki wanaishije humo. Spana, fundi wetu wa magari, alishikilia kwamba samaki wale wameota chujio shingoni, kama la injini. Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu, tena kama shahidi, alisema wanakula ngozi, wape miaka kumi watatoka na kwato. Tukacheka wote isipokuwa mshonaji wetu, Fundi Cherehani. Tangu amzike bintiye, miezi minne sasa, anakuja, anakaa, kahawa inampolea mkononi.

— Wamezoea tu, Wakili akafunga kesi. Kama sisi na hii harufu.

Dada Samaki alikuwa ameshafika. Nikamsogezea kikombe.

— Hakuna aliyezoea, kaka. Maji yalipoharibika, karibu wote walikufa. Wachache walikuwa wamezaliwa na vinasaba tofauti, tangu kwenye yai, sumu ikawashindwa. Hawa ni vitukuu vyao. Hakuna samaki aliyejifunza kitu.

Spana akataka kurudi kwenye chujio lake. Nikamwambia anywe kahawa.

Fundi Cherehani aliweka kikombe chini. Sote tunajua bintiye alifanya kazi humo kiwandani, kwenye mapipa ya dawa. Mwezi wa kwanza tu alianza kukohoa, akataka kuacha.

— Nilimwambia atazoea, Fundi alisema. Nikamwambia, mbona wenzako wamezoea.

Mimi nilijishughulisha na makaa, maana siku ile nilikuwepo, na nilimuunga mkono baba mtu. Dada Samaki akamwambia binadamu si samaki, asijihukumu, lakini alisema taratibu sana, kama mtu anayejua hasaidii.

— Sawa, mwanangu. Ila wewe una vichupa vyako. Kabla hawajafa, mtu angewajuaje wale ambao hawataiweza sumu?

Dada Samaki akageukia mfereji.

— Sikuwahi kuwapima hao, baba. Nilipofika, walikuwa wameshakwisha.

King'ora cha kiwanda kikalia, zamu ya mchana ikaanza kupita mbele yetu. Mmoja wao, binti, alikuwa mgeni kabisa, sare bado ina mikunjo ya dukani, ameziba pua kwa mtandio. Mwenzake alikuwa akimcheka, akimwambia wiki mbili tu, utazoea.

Fundi akainuka. Akawafuata hadi karibu na geti la nyuma, akiita, mwanangu, mwanangu. Yule binti hakugeuka. Hakujua kwamba anaitwa yeye.