Picha za Babu Mistari

MWANTUMU: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

DEVOTHA: Dada Mwantumu, shikamoo. Ni mimi.

MWANTUMU: Mimi nani? Sema kwa nguvu, simu nimeitundika dirishani.

DEVOTHA: Devotha. Devotha wa Mwalimu Nicolaus, napiga kutoka Kibiti.

MWANTUMU: Aa, Devotha. Marahaba, mdogo wangu. Umepotea weye. Hata kuja kunihani—

DEVOTHA: Nisamehe, dada. Ningekuja, ila Baba ndiye—

MWANTUMU: Nakutania. Ujumbe wako niliupata. Mume wangu Sadala kenda zake, na sisi njia yetu ni hiyo hiyo.

DEVOTHA: Pole sana. Na eda inakwendaje?

MWANTUMU: Inakwenda yenyewe, mie nimekaa. Kizuka, mjane aliye edani, ana safari gani? Mlangoni sifiki. Mtandao nao uko hapa kwenye msumari wa dirisha tu, nikiitungua simu, umekatika. Kwa hiyo unaloniambia mie, nyumba nzima imelisikia. Mwalimu wangu hajambo?

DEVOTHA: Ameacha kula, dada. Tangu Jumamosi. Nikimpa uji anafumba mdomo. Maji nachovya kitambaa nampaka midomoni, kama mtoto.

MWANTUMU: Lahaula. Kaingiwa na nini?

DEVOTHA: Ugonjwa ni ule ule wa kusahau. Daktari anasema kumeza anaweza, ila hataki. Asipokunywa kitu leo, kesho apelekwe Dar akawekewe mpira wa kulishia puani. Na mwili ule ulivyobaki, safari ile—

MWANTUMU: Usimalizie.

DEVOTHA: Hafiki, dada.

MWANTUMU: Nimekwambia usimalizie.

DEVOTHA: (anapenga kamasi) Asubuhi ametamka kitu. Ndiyo maana nakupigia. Amenitazama, akasema, "Babu Mistari."

MWANTUMU: Babu Mistari.

DEVOTHA: Zile picha zake, dada. Za yule mtunzi wa Kiingereza, alizopewa na padri kitabu kilipofumuka kurasa, akakuachia wewe amana alipohama huko. Maisha ya yule mzee na visa vya hadithi zake—

MWANTUMU: Babu Mistari wa kunielezea mie? Nilimjua kabla ya kumjua mume. Ndevu mistari, mashavu mistari, mpaka kivuli cha kiti mistari. Darasa zima tulidhani ni Mzungu kachanjwa uso. Mwalimu akacheka siku ile, akatuambia, "Hii haikuchorwa, imechongwa. Mtu alikaa na bamba la shaba na kisindano, mstari kwa mstari, mpaka macho yakamuuma."

DEVOTHA: Basi ndizo anazozitaka. Mwaka juzi tulipokuja kwako si uliona? Njia nzima hamjui mtu, mimi ananiita "mama mkunga". Alipofika ukutani kwako, zilipotundikwa, akaanza kuzisoma moja moja.

MWANTUMU: Niliona.

DEVOTHA: Na wali akala. Akaomba na nyongeza.

MWANTUMU: Na kamba wangu wote akamaliza. Niliona, Devotha.

DEVOTHA: Basi mwambie kijana wako Kheri azitungue sasa hivi. Asizikunje, azisokote pamoja, azitie kwenye kiroba. Kuna boti inatoka huko mchana kuja Nyamisati, nimeshauliza. Gatini atakuwepo Felix wa bodaboda. Jioni ziko hapa. Dada, zikifika jioni tu—

MWANTUMU: Kheri kaenda kukata miti. Hajarudi.

DEVOTHA: Basi mtu mwingine. Wifi yako.

MWANTUMU: Boti nayo ya leo, sijui. Maji yanapwa mapema siku hizi—

DEVOTHA: Dada, nimeongea na nahodha mwenyewe. Anaondoka.

MWANTUMU: Sawa, ila—

DEVOTHA: Ila nini? Si kuzitungua ukutani tu?

MWANTUMU: (upepo unavuma kwenye simu)

DEVOTHA: Dada Mwantumu.

MWANTUMU: Hazipo ukutani.

DEVOTHA: Ziko wapi?

MWANTUMU: Sadala alipofariki, tulitaka kusoma hitima. Ndugu zake wakasema malaika haingii nyumba yenye sura za watu. Ni kweli, ndivyo tulivyofunzwa. Nikazitungua kwa mkono wangu, nikasema nitazirudisha eda ikiisha. Nikazilaza chini ya godoro zisijikunje.

DEVOTHA: Basi zipo. Zipo chini ya godoro.

MWANTUMU: Godoro lile ndilo alilofia Sadala.

DEVOTHA: Sawa, sina shida na—

MWANTUMU: Hujanielewa. Huku kwetu nguo na matandiko ya marehemu hupewa waliomwosha. Ndiyo haki yao. Na mie kizuka nimefunikwa shuka gubigubi, ndani watu wamejaa, kichwa changu hakiko. Nikasikia mtu anasema, "Na godoro?" Nikasema, "Chukueni." Ndilo neno nililosema.

DEVOTHA: Nani kachukua?

MWANTUMU: Kudra. Anakaa ng'ambo ya mto, yeye na mumewe ndio waosha maiti wetu.

DEVOTHA: Nipe namba yake.

MWANTUMU: Devotha—

DEVOTHA: Nipe namba, dada, wakati hatuna. Boti itapita kwake, azitoe tu pale—

MWANTUMU: Nilishamtuma Kheri siku zile zile. Kudra kamwambia, "Nilitandua godoro nikakuta uso wa mtu unanitazama. Siwezi kulalia nyuso." Kuzichoma kaogopa, kusema kaniuliza, hakuniuliza. Kazipeleka mtoni. Maji ya kupwa yakazichukua. Yakimwagika hayazoleki, mdogo wangu.

DEVOTHA: Zote?

MWANTUMU: Zote.

DEVOTHA: Hata moja haikuganda kwenye mikoko?

MWANTUMU: Kheri kazunguka na mtumbwi jioni nzima. Karatasi ile ya zamani, ikilowa ni ugali.

DEVOTHA: Na hukunipigia.

MWANTUMU: Nikupigie nikwambie nini? Kwamba amana ya baba yako nimeitosa? Nilikuwa nangoja eda iishe nije kwa miguu yangu, nimshike magoti.

DEVOTHA: Hukuzipiga hata picha kwa simu?

MWANTUMU: Simu yangu kitochi, Devotha.

DEVOTHA: (analia) Sasa nimwambie nini? Hapa nilipo niko mlangoni kwake. Ananitazama. Kikombe cha uji ninacho mkononi, nimeupasha mpaka umeganda. Nilijua nikimwambia zinakuja atafumbua mdomo. Nilikuwa nimebakiwa na hilo tu, dada, sina lingine.

MWANTUMU: Mdogo wangu—

DEVOTHA: Acha nikate. Acha tu.

MWANTUMU: Usikate. Msogezee simu.

DEVOTHA: Ya nini?

MWANTUMU: Mie nilizitazama picha zile miaka yote ya shule, na miaka yote ya ndoa nikiwa napika. Msogezee simu sikioni.

DEVOTHA: Hakujui, dada. Mimi mwenyewe hanijui.

MWANTUMU: Sitaki anijue. (kando) Ndiyo, mama, ni mwanamume, na ninakaa eda, najua. Ni mwalimu wangu. Ndiye aliyenifundisha kushika kalamu, ni kama baba. Nifunikeni shuka kama mnataka, lakini dirishani sitoki. (kwenye simu) Haya. Umeweka?

DEVOTHA: Naweka spika. Baba. Baba, kuna mtu anataka kuongea na wewe. (kishindo, kitanda kinalia) Sema.

MWANTUMU: Mwalimu, shikamoo.

NICOLAUS: (pumzi tu)

MWANTUMU: Shikamoo, Mwalimu. Darasa limesimama. Picha ya kwanza. Babu Mistari angali mtoto, kwao maskini, baba hayupo. Amekaa kwenye ngazi usiku anasoma kitabu. Nyuma giza, limechongwa mistari imeshonana mpaka ukitazama sana macho yanawasha. Panya yuko ngazi ya chini. Na mtoto ameshika mshumaa mkono wa kulia—

NICOLAUS: Kushoto.

DEVOTHA: Mungu wangu.

MWANTUMU: Nyamaza, Devotha. Unasemaje, Mwalimu?

NICOLAUS: Mkono... wa kushoto. Mchongaji alisahau. Anachonga kinyume, karatasi inageuza. Alisahau kugeuza.

MWANTUMU: Kweli, Mwalimu. Kushoto. Nilikosea.

NICOLAUS: Ya pili.

MWANTUMU: Ya pili ni ile ya—

DEVOTHA: Dada, sema, sema haraka, anajiinua—

MWANTUMU: Ngoja. Mwalimu, ya pili sisemi.

DEVOTHA: Unafanya nini wewe?

MWANTUMU: Sisemi. Uji haujanywewa. Darasani kwako sheria ilikuwa ipi? Sisi watoto wa wavuvi tulikuwa tunaukimbia uji wa shule, hauna sukari. Ukasimama na picha umeificha mgongoni, ukasema asiyeonyesha kikombe kitupu haoni. Hata siku moja hukumhurumia mtu. Mie nimelia mbele yako na hukunionyesha. Sasa kikombe kiko wapi?

NICOLAUS: (mtandao unakoroma)

MWANTUMU: Haloo? Mmekatika?

DEVOTHA: (kwa sauti ya chini) Amefumbua mdomo.

MWANTUMU: Mpe kidogo. Kidogo kidogo.

DEVOTHA: Amemeza. Dada, amemeza. Kingine... Amemeza.

MWANTUMU: Alhamdulillahi. Ya pili, Mwalimu. Hii si maisha yake, ni ya hadithi yake. Msichana yatima kambeba mdogo wake anavuka daraja, ukungu umetanda, mto una matope kama huu wetu. Sisi tulikubishia kwamba ni hapa hapa deltani.

NICOLAUS: Mlibisha sana.

MWANTUMU: Tulibisha. Na huyo msichana hana viatu.

NICOLAUS: Anacho kimoja. (anakohoa) Wewe ni nani?

MWANTUMU: Mwantumu, Mwalimu. Dawati la mbele.

NICOLAUS: Mwantumu. Uliyelia.

MWANTUMU: Huyo huyo. Kunywa.

DEVOTHA: Anakunywa. Kimefika nusu. Dada, salio langu linaishia, limeshanipigia mlio. Ya tatu—

MWANTUMU: Ya tatu yuko mezani anaandika, ndevu zimeshamwota, mbwa kalala chini ya meza.

NICOLAUS: Mbwa wawili.

MWANTUMU: Wawili. Kunywa.

NICOLAUS: Huyu mama anayeninywesha ni nani? Analia. Uji unamwagikia shati langu.

DEVOTHA: Samahani, mzee.

NICOLAUS: Usilie, mama. Mwantumu, mwambie asinipe wote. Nina binti. Devotha. Yuko shule, akirudi anarudi na njaa. Mbakizieni.

DEVOTHA: Kunywa tu... kunywa tu, mzee. Devotha ameshakunywa.

NICOLAUS: Ameshakunywa?

DEVOTHA: Ameshiba.

NICOLAUS: Haya. Basi ya nne.

DEVOTHA: Dada, ya nne, kimebaki kidogo sana—

MWANTUMU: Devotha.

DEVOTHA: Sema.

MWANTUMU: Ya nne siikumbuki. Ilikuwa nyuma ya mlango, moshi uliitia weusi tangu zamani. Naiona weusi tu.

DEVOTHA: Tunga.

MWANTUMU: Nitunge?

DEVOTHA: Tunga chochote. Babu Mistari mwenyewe si alitunga? Ameshafumbua mdomo, dada, nakuomba—

NICOLAUS: Ya nne, Mwantumu.

MWANTUMU: Ya nne, Mwalimu... Ya nne kuna chumba. Cha mchana, dirisha liko wazi. Kuna mzee amelala kitandani. Ubavuni kakaa mwanamke, kakonda, hajalala muda mrefu, utaona jinsi alivyochongwa mistari chini ya macho. Kikombe kiko mkononi. Hajakiweka chini tangu Jumamosi.

NICOLAUS: Hiyo siikumbuki.

MWANTUMU: Ni mpya, Mwalimu. Kunywa.

NICOLAUS: (anameza) Anamtazama nani?

MWANTUMU: Mzee. Hana mwingine wa kumtazama.

NICOLAUS: Ni nani wake? Jina lake nani huyo?

MWANTUMU: Huyo anaitwa—

(Mlio mmoja mrefu. Simu imekatika.)

MWANTUMU: Haloo? Devotha. Anaitwa Devotha, Mwalimu. Ni binti yako. Haloo? Mwalimu, ni huyo hapo. Haloo?