Mwalimu Mwanvua Alawi na Mstari wa Chaki wa Darasa la Saba

Wenzangu, nawaomba sana: yaliyomo humu yasimtoke yeyote mdomoni kabla ya Ijumaa. Mwalimu mwenyewe asiyasikie, na ofisi ya mkurugenzi wa shule isiyasikie, maana mengine yametoka kwenye faili lake la kazi, na karani aliyeyaandika bado hajathibitishwa kazini. Mkishasoma, kunjeni karatasi muitie mfukoni.

Mwalimu Mwanvua Alawi anastaafu tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Alianza Februari 1994 na darasa la tatu, akahamia historia ya darasa la saba mwaka 2001, na hakuhama tena. Miezi ile ya 2021 ambayo mji mzima ulikuwa umekimbia mashambulizi, aliendelea kufundisha chini ya turubai huko tulikohifadhiwa. Faili linaonyesha siku nne tu za kukosekana, zote za msiba.

Wanaomfahamu wanajua somo lake la mabaharia wa Kireno waliofika pwani zetu mwaka 1498. Halina kunakili. Anachora mstari wa chaki katikati ya darasa: upande wa mlango ni merikebu, upande wa madirisha ni pwani. Wa merikebuni wanataka maji na rubani wa kuwapeleka kaskazini, nao wanasema Kireno tu. Wa pwani wanasema Kiswahili tu, na ndio wanaoamua. Wakimaliza, kila upande unaandika yaliyotokea, kisha madaftari yanabadilishwa na kusomwa kwa sauti.

Mwaka mmoja daftari la merikebuni lilisema wenyeji walipokea zawadi kwa furaha kubwa. La pwani lilisema: watu ishirini tumepewa kofia moja, tena imetoboka. Mwalimu aliwauliza ni lipi lingeingia kitabuni, na kwa nini. Mjadala ulikula kipindi cha hisabati, na Mwalimu Graça wa hisabati analalamika hadi leo.

Mwaka 2016 mkaguzi mmoja, Bwana Ricardo, aliingia katikati ya somo bila hodi. Watoto wa pwani wakadhani naye ni wa merikebuni. Rachida, mwanafunzi wa miaka kumi na miwili aliyekuwa mkubwa wa pwani siku hiyo, akamwambia kwa adabu: "Baba, hukupiga hodi. Rudi mlangoni kwanza, tujue umekuja kwa heri."

Mkaguzi, ambaye Kiswahili chake kilimtosha kuelewa, alimtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa akitazama madirishani. Mkaguzi akarudi, akapiga hodi, akakaribishwa, akapewa maji.

Barua ya onyo iliyofuata imo kwenye faili: darasa lina kelele, ubao mtupu. Mwalimu alitia saini kwamba ameipokea. Chini ya saini aliandika sentensi moja, akiuliza ni swali gani la historia ambalo watoto wale walishindwa kulijibu. Faili halina jibu. Somo liliendelea.

Sasa liko mashakani. Rasimu ya mpango wa 2026 imeweka imla katika wiki mbili za somo hilo, kwa sababu hakuna mwalimu aliyejitokeza kulichukua. Mpango unapitishwa Jumatatu, tarehe 1 Desemba. Mwalimu Graça alipotumwa kumdodosa Mwalimu Mwanvua anapendelea zawadi gani, kiti au kapulana ya kujifunga, alijibiwa: "Kapulana ninazo. Nitafutieni mtu wa kuchora ule mstari mwakani." Kiti kimenunuliwa hata hivyo.

Ijumaa tutamwambia: Mwalimu, kwa miaka yote hiyo tunasema ahsante. Mungu akujalie afya, nyumba yenye utulivu, na asubuhi zisizo na kengele.

Anayekubali kulichukua somo afike sekretaria, ofisi ya makarani, dirisha la pili, kuanzia saa nne hadi saa nne na nusu, mkurugenzi akiwa kwenye chai. Amuulizie Fauzi, karani. Asipige simu ya ofisi, inapokelewa na wengi. Akimkuta mtu mwingine dirishani, aseme amekuja kuuliza fomu za uandikishaji, arudi kesho yake. Jina liandikwe kwa mkono wa mwenyewe kwenye karatasi iliyopo hapo dirishani. Hadi leo karatasi hiyo ina jina moja, la karani, ambaye haruhusiwi kufundisha.