Mkeka Alioukataa Mama Anderson

Ndugu waombolezaji, mimi ni Anderson, mtoto wa kwanza wa marehemu, na kwa niaba ya familia nawasomea safari ya mama yetu.

Julia Abrahamu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1952 Lulindi, wilayani Masasi, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1960 hadi 1966, na darasani, kwa maneno yake mwenyewe, alijifunza kusoma na kubishana. Kazi yake ya maisha, ususi wa mikeka, alifundishwa na bibi yake, kwa ndago ndefu ya bondeni, ile yenye shina la pembe tatu, ambayo kwa ukoo wetu kila marehemu hulazwa juu ya mkeka wake.

Tarehe 9 Oktoba 1971 alifunga ndoa na baba yetu, Dunstan, akahamia hapa Newala na mizizi ya ndago ndani ya kanga iliyoloweshwa, mawifi wakacheka, lakini mizizi ikashika kwenye bonde letu, na heri ilishika, maana bonde la Lulindi baadaye lililimwa mpunga lote. Mungu akamjalia watoto wawili, mimi na Upendo. Wataalamu wa mimea waliokuja mwaka 2016 walizunguka Masasi na Newala wasiione ndago hiyo kwingine, wakamsifu sana, naye akawapa chai na kuwakemea kwa kukanyaga machipukizi.

Baba alipofariki mwaka 2019, Mama alikata ndago ya mkeka wa kumlaza, na kona ile ya bonde haijaota tena.

Moyo ulianza kumsumbua Januari mwaka huu, akalazwa Ndanda, na huko akatuapisha kwamba asikatiwe hata shina moja, kwa kuwa ndago iliyobaki ilikuwa haijamwaga mbegu. Alifariki tarehe 11 Mei 2025. Basi mnaonong'ona kuhusu mkeka wa dukani, aliutaka mwenyewe, nasi unatuuma kuliko ninyi.

Mama mdogo Josephina alilia jana kwamba tunamzika dada yake kama mpita njia, na alfajiri akashuka bondeni na mundu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji, na wasusi wenzake. Asante nawe, Mama mdogo, uliyesimama bondeni mpaka jua likachomoza, ukarudi mikono mitupu.

Pumzika, Mama, ndago yako imesimama.