Bolti Aliyoikaza Ezron

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Kama una chungu jikoni, punguza moto kidogo, uje ukae. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa Mbalizi. Jina lake Tumpe Mwasomola. Narudia, Tumpe Mwasomola. Wengi mlimjua kama Mama Eveline, yule wa pikapu ya bluu. Mama Tumpe alifariki wiki iliyopita, hapa Mbeya, kwa maradhi ya moyo. Amemwacha binti mmoja, Eveline, na wajukuu.

Tumpe alizaliwa Tukuyu, kwenye migomba na mvua isiyokwisha. Alikuwa msichana mfanyabiashara wa viazi alipokutana na Ezron Kihwele, Mhehe wa Ifunda, dereva wa pikapu yake mwenyewe, ile ya bluu. Siku hiyo Tumpe alikuwa amepanda nyuma, juu ya magunia, wakielekea Iringa. Walipofika Makambako gari likaanza kukohoa. Likakosa nguvu. Ezron akashuka, akafungua boneti, akatazama abiria wake wote. Akamchagua Tumpe.

"Dada, njoo ukae kwenye usukani. Nikikwambia piga, piga stata."

"Mimi sijui gari!"

"Masikio unayo?"

"Ninayo."

"Basi inatosha."

Wasikilizaji wapendwa, kwa wale ambao hawajawahi kushika magari ya zamani, nieleze kidogo. Ndani ya injini, moto wa plagi lazima uje kwa wakati wake. Ukiwahi, injini inagonga kama mtu anapiga debe. Ukichelewa, gari linalegea, linachemka, mlima halipandi. Kifaa kinachogawa moto huo ni distributa. Unalegeza bolti yake, unaizungusha kidogo sana, huku injini inanguruma, mpaka ikae sawa. Kisha unakaza. Mafundi wanaita kuweka taimingi.

Basi Ezron akazungusha. Tumpe akasikiliza. Gari likakohoa, likakohoa, halafu likatulia.

"Hapo hapo!" Tumpe akapiga kelele. "Usiguse!"

Ezron akakaza bolti. Walipanda mlima wa Ipogolo na mzigo wote bila kusimama, wakaingia Iringa. Mwaka haukuisha, Ezron akapeleka washenga Tukuyu.

Tangu hapo, kazi ile ikawa ya watu wawili. Ezron kwenye injini, Tumpe kwenye usukani, mpaka Tumpe akajua na kuendesha. Eveline anakumbuka. Alituambia hivi: "Hawakuwa watu wa kushikana mikono barabarani. Lakini siku ya kuweka taimingi walikuwa wanacheka mpaka majirani wanachungulia. Baba anasema, sasa je? Mama anasema, rudisha kidogo, umepita. Baba anasema, wewe mwanamke una masikio ya mbwa."

Waliishi hivyo, Mbalizi, na viazi vyao na mtoto wao.

Kisha bei ya viazi ikaanguka, misimu miwili mfululizo. Ezron akasikia habari za dhahabu Makongolosi, kule wilaya ya Chunya. Akasema ataenda kwa msimu mmoja tu, apate tofali za nyumba. Tumpe hakutaka. Walinuniana siku nzima. Asubuhi ya safari, Ezron akafungua boneti, akaweka taimingi kwa mara ya mwisho, Tumpe akiwa kwenye usukani. Alipokwisha kukaza, akachukua patasi, akachora mstari kwenye distributa na mwingine ulioungana nao kwenye chuma cha injini.

"Mistari hii ikiwa imekutana, jua gari liko sawa," akamwambia. "Nitakaporudi nitaiangalia mwenyewe."

Akaenda kwa basi. Akawa anapiga simu Jumapili. Mvua za masika zilipoanza, simu ikanyamaza. Tumpe akapiga. Namba haipatikani. Akapiga kesho yake. Haipatikani.

Alikwenda kwa basi mpaka Chunya mjini, maana mvua ilikuwa imekata barabara ya mbele, akamwulizia Ezron Kihwele. Hakuna aliyemjua Ezron Kihwele. Akarudi. Watu wakaanza kusema, mnajua watu walivyo. Kapata mwanamke wa machimboni. Kavuka kwenda Zambia. Tumpe alijibu kwa mkato, "Akija mtamwuliza wenyewe." Lakini Eveline anasema usiku alikuwa anamsikia mama yake akigeuka kitandani, akiogopa kwenda Makongolosi akakuta maneno yao ni kweli.

Na pikapu? Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo penyewe. Ile pikapu ilianza kuchoka. Ndani ya distributa kuna platini, vichuma vidogo vinavyofungua na kufunga umeme wa plagi, na platini zinakwisha. Zikikwisha, moto unachelewa. Mafundi wa Mbalizi walimwambia: mama, tubadilishe platini, tulegeze distributa, tuweke taimingi upya. Tumpe alikataa katakata. Kulegeza bolti ile ni kuachanisha mistari ya Ezron. Mikono ya Ezron ndiyo iliyoikaza. Hakutaka mkono mwingine uiguse. Akapunguza magunia. Akaacha kwenda Iringa. Mwishowe pikapu ikawa ya kwenda sokoni na kurudi, tena kwa tambarare tu.

Miaka ikapita. Kila Jumapili alipiga ile namba. Haipatikani.

Jumapili moja ikaita.

Tumpe alisimama na simu sikioni, ametoka jikoni, mikono imejaa unga. Ikapokelewa. Sauti ya msichana.

"Haloo?"

"Mpe Ezron simu."

"Ezron nani, mama? Hii namba yangu. Nimesajili juzi, hapa Kasulu."

Tumpe hakumgombeza. Alimwambia, "Haya mwanangu, uitumie vizuri." Akaketi chini pale pale. Eveline alipomkuta, alimwambia, "Namba ya baba yako kapewa mtu mwingine. Sasa nitamfuata mwenyewe."

Kesho yake alikwenda mjini Mbeya, kwenye duka la vipuri la Bwana Girish. Bwana Girish bado yupo, na tulimtembelea dukani kwake. Anakumbuka vizuri. Anasema, "Mama alisema, nipe platini za ile gari. Mimi nikamwambia, Mama Eveline, safari ya wapi? Akasema, Makongolosi. Nikamwambia, panda basi. Akasema, kama nikimkuta mgonjwa, basi halibebi mtu asiyeweza kukaa. Pikapu inabeba. Nikampa platini."

Makongolosi si mbali sana, lakini barabara yake inapanda mlima wa Kawetire. Na Kawetire, kwa gari lenye moto unaochelewa, haipandiki. Ili amfuate Ezron, ilibidi aguse alichokiacha Ezron.

Eveline alikuwa ameshakuwa mtu mzima. Mama yake akamkalisha kwenye usukani. Yeye mwenyewe akaingia kwenye boneti, akaweka platini mpya jinsi alivyozoea kumwona mumewe, akashika spana. Eveline anasema mama aliweka ile spana juu ya bolti, akapitisha kidole kwenye mistari ya Ezron. Kisha akalegeza. Mistari ikaachana.

"Piga!"

Injini ikawaka, ikakohoa.

"Mama, mimi sijui kusikiliza!"

"Unajua! Ikikohoa sema, ikitulia sema!"

Akazungusha. Ikagonga. Akarudisha. Ikakohoa. Akazungusha tena, taratibu, machozi yanamwingia mdomoni.

"Hapo, mama! Hapo!"

Akakaza. Hakuchora mstari mwingine.

Alfajiri wakapanda Kawetire, mama na binti, ukungu umeziba njia. Pikapu haikusita.

Makongolosi walizunguka wakiuliza. Ezron Kihwele? Hayupo. Hatumjui. Wakazunguka mpaka jua likawa kali. Ndipo Tumpe akabadili swali. Akauliza, hapa hamjawahi kuwa na Mhehe, fundi wa injini, mrefu, anayecheka sana? Mchimbaji mmoja, Yotamu, akaweka sururu chini.

"Unamsema Kamwene?"

Kamwene ni salamu ya Kihehe. Ezron alikuwa anasalimia kila mtu hivyo, na machimboni watu hawaitani majina ya nyumbani. Wakamwita Kamwene. Hakuna aliyejua jina jingine.

Yotamu akawapeleka kwenye kichaka nje ya mashimo. Kaburi, msalaba wa mbao, na neno moja: KAMWENE. Alikuwa ameshuka shimoni kutengeneza pampu ya maji, mvua kubwa, udongo ukashuka. Ilikuwa masika yale yale simu iliponyamaza. "Tulimzika kwa heshima, mama," Yotamu alisema. "Tulitaka kuita ndugu zake. Lakini simu yake ilifukiwa shimoni, na hatukujua kwao ni wapi."

Tumpe alipiga magoti. Neno lake la kwanza, Eveline hatalisahau. Alisema, "Kumbe hukuniacha."

Alilia siku ile kilio cha miaka yote. Kisha akamshika Yotamu mikono yote miwili, akamwambia, "Ndaga," asante kwa Kinyakyusa. Ndugu wa Ifunda walitaka kumhamisha marehemu. Tumpe akawaomba wamwache apumzike. Akaweka msalaba wa saruji wenye jina lote, Ezron Kihwele. Na kila mwaka baada ya mavuno alipanda Kawetire kwenda kupalilia.

Hakuolewa tena. Wiki zake za mwisho alimwambia Eveline jambo moja. Alisema, "Kufa siogopi. Naogopa tukikutana hatanijua. Yeye kabaki kijana, mimi nimekuwa bibi." Eveline alimpaka mama yake mafuta miguuni, akamfunika.

Jumamosi walimzika Makongolosi, ubavuni mwa mumewe.

Dada Eveline, wajukuu, ukoo wa Mwasomola kule Tukuyu na ukoo wa Kihwele kule Ifunda, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mungu awape nguvu.

Nanyi wasikilizaji wapendwa mlioko machimboni, mashambani, kwenye vyumba vya kupanga: huyo mnayefanya naye kazi, mnayemwita kwa jina la utani, anaitwa nani hasa? Kwao ni wapi? Mwulize jioni hii, angali anaweza kukujibu.