Alianguka, Hatukumgusa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mimi niliyeibadilisha sentensi hii ya kwanza mara kumi na moja. Wanaonijua wanajua: mimi Aline ni mtu wa kufikiri mpaka chai inapoa. Lakini leo nasema bila kupamba, maana nina furaha na pia nina hasira, na Mungu anazijua zote mbili.

Nilikuwa na rafiki, Neema. Tulizaliwa wote Bukavu, familia zetu zikarudi Rwanda, tukawa majirani hapa Gihundwe. Aliimba sauti ya kwanza katika kwaya yetu. Tangu utotoni alikuwa na kifafa, na kila mmoja humu aliijua ile sheria isiyoandikwa: Neema akianguka, rudi nyuma. Tuliaminishwa kwamba povu lake likikugusa, ugonjwa unahamia kwako. Tulipokunywa chai baada ya mazoezi, sisi wengine tulipokezana vikombe. Yeye alikuwa na chake cha bati, kimetundikwa peke yake kwenye msumari. Alikuwa akisema, "Munaona? Miye niko na kikombe yangu, kama mukubwa wa inchi!" Nasi tukacheka. Tulicheka, ndugu zangu!

Mimi nilisoma biolojia chuo kikuu. Nilijua kifafa hakiambukizi. Niliandika hivyo kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Siku moja Neema akaanguka katikati ya mazoezi. Msomi alifanya nini? Alisimama akifikiri! Nimlaze upande gani? Nikimgusa, wenzangu watakubali kunishika mkono tena? Na kama mwalimu alikosea? Nilipomaliza kufikiri, Neema alikuwa ameamka mwenyewe, anajifuta mdomo kwa kitenge, anatuomba msamaha. Yeye ndiye aliyeomba msamaha!

Mwezi uliofuata alikwenda Giheke kwa shangazi yake, akateremka kijitoni kufua. Huko akaanguka kifudifudi kwenye maji yasiyofunika kisigino. Walikuwepo wanawake wengine wanafua. Mmoja alikimbia kumwita shangazi, wengine wakapiga kelele. Maman Riziki, jirani yetu wa hapa hapa aliyekuwa amemsindikiza, alipiga magoti akaomba kwa sauti. Hakuna aliyemgeuza. Shangazi alipofika, Neema alikuwa amekufa, kwenye maji ambayo kifaranga angevuka!

Mazishini tukaambiwa Mungu amechuma ua lake. Nilitaka kusimama nipige kelele. Msimsingizie Mungu! Mungu alimpa Neema majirani wenye mikono. Mikono ilikuwepo.

Tangu siku ile nilimchukia Maman Riziki. Nikimwona njiani nilivuka upande wa pili. Kichwani nilimtungia maneno makali, nikayapanga, nikayapangua, nikayapanga upya. Nilishindwa kula, nilishindwa kuimba. Na ndani kabisa nilijua sababu: alifanya nilichofanya mimi. Tofauti ni kwamba siku yangu hapakuwa na maji.

Ndipo nikaamua kufanya kitu kwa jina la Neema: kuwafundisha watu wa mtaa wetu namna ya kumsaidia mtu aliyeanguka kifafa. Mkuu wa mudugudu, yaani kitongoji chetu, akanipa dakika kumi baada ya umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Niliandika kurasa sita. Niliweka hata mchoro wa ubongo.

Jumamosi ilipofika tulizibua mitaro ya barabara asubuhi nzima, matope mpaka magotini. Nikaanza kusoma. Ukurasa wa pili, watu wameshaweka majembe begani. Dereva mmoja wa moto, hizi pikipiki za abiria, akapaza sauti: "Mademoiselle, diplome tumeiona, sasa utuache tuende kula!" Wakacheka. Mwingine akanong'ona, "Ule mutoto alikuwaka na pepo, basi."

Ndugu zangu, hasira ilinipanda! Nilitupa karatasi, nikajilaza kifudifudi kwenye matope yale, nikapiga kelele: "Mimi ni Neema! Nimeanguka! Munigeuze!"

Nilikuwa naona miguu tu, na hakuna mguu uliosogea. Kwanza niliwaza gauni langu. Halafu nikawaza: watu hawa watamwacha na mwingine afe. Mimi ninayepanga hata sala zangu, siku ile niliomba maneno mawili: "Bwana, mmoja."

Magoti ya mtu yakatua kando yangu. Mkono ukanigusa bega. Alikuwa Maman Riziki.

"Aline, muntu anashikwa wapi? Miye sikujua. Uniambie, muntu anashikwa wapi?"

Nikamwambia: shika bega na nyonga, umvute alale ubavu. Weka kitu laini chini ya kichwa. Usimkandamize, usimtie kijiko mdomoni. Kaa naye mpaka aamke. Zikipita dakika tano bado anatetemeka, apelekwe kituo cha afya. Akianguka majini, inua uso wake kwanza.

"Njo vile tu?"

"Njo vile tu, maman."

Alilia kwa sauti. Na kweli, ndugu zangu, ni vile tu! Ni kitu unachojifunza kabla maji ya ugali hayajachemka. Kwa kukosa hicho tulimzika msichana!

Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Yale maneno makali yalikuwa ulimini tayari, nimeyanoa kwa miezi. Lakini nilichojisikia nikisema ni hiki: "Hata mimi sikumgusa, maman." Sikuwahi kumwambia mtu. Tulikumbatiana kwenye matope, na chuki ikaniachia, nikawa kama mtu aliyeshushiwa mzigo mgongoni. Haleluya! Watu wakaweka majembe chini. Yule dereva akajilaza mwenyewe: "Munigeuze na miye, lakini polepole, niko muzito!"

Tangu hapo, Maman Riziki na mimi tunakwenda kila umuganda. Tumefika mpaka Nkungu. Yeye hulala, mimi hufundisha, bila karatasi. Juzi muuza maparachichi mmoja alianguka kando ya barabara. Dereva yule yule akashuka kwenye moto, abiria wake anamfokea, akamlaza ubavu, akakaa vumbini na kichwa cha yule mama juu ya koti lake. Mama alipoamka aliuliza kwanza maparachichi yake. Yalikuwepo yote!

Bwana amenitoa kwenye chuki. Hasira hajaiondoa, wala sijamwomba aiondoe. Maana hata humu kanisani bado mtu akianguka tunamzunguka kukemea pepo huku uso wake umekandamizwa sakafuni! Ombeni, wapendwa! Ombeni mpaka sauti ikauke! Lakini mgeuzeni kwanza. Bwana wetu hakumponya mwenye ukoma kwa kusimama mbali. Alinyoosha mkono akamgusa.

Namshukuru Mungu kwa Neema. Na najua kuna mama humu aliyemwacha mtoto nyumbani leo, akiogopa ataanguka mbele yetu. Maman, mtumaini Bwana, umlete Jumapili ijayo. Mkae mbele, si nyuma. Akianguka, hutakuwa peke yako sakafuni.